Anayejaza Boila Alfajiri

Lorraine alipopiga simu hakuanza na salamu.

"Wewe ndiye Glenda Barraclough, fundi wa boila?" Na kabla Glenda hajasema ndiye, mwenzake akaendelea: "Mama yangu anasema baba huamka alfajiri kuijaza boila maji. Baba tulimzika mwezi wa tatu mwaka jana."

Glenda alikuwa ndani ya gari lake la kazi, pai ya nyama mkononi, suruali imelowa theluji mpaka magotini. Alitafuna kwanza, akameza. Kwa miaka thelathini wateja walikuwa wamemwambia mengi juu ya boila zao: kwamba inanong'ona, kwamba ina kinyongo, kwamba haimpendi mke wa pili. Lakini hii ilikuwa mpya.

"Sasa dada, unaniita nitengeneze boila au nimtoe mzee?"

Lorraine hakucheka. "Uitazame tu. Ikiwa na kasoro, itengeneze. Kama haina, niandikie hivyo, kwa maandishi, hakuna kasoro. Nitajua ni kichwa cha mama. Huku Leeds kuna nyumba ya kutunza wazee, wamenishikia chumba mpaka Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Basi Glenda akaelewa kwamba karatasi yake ya kazi, ile ambayo kwa kawaida wateja huifungia samaki na chipsi, safari hii ingeamua bibi wa watu alale wapi mpaka mwisho wa maisha yake. Akaitupa pai iliyobaki, akawasha gari, akapandisha mlima wa Halifax kuelekea Tanner Row, mahali ambapo nyumba zimebanana kwa mstari, zote za mawe meusi, kama watu wanaopanga foleni kwenye baridi na hakuna anayetaka kumwachia mwenziwe upenyo.

Mlango ulifunguliwa na bibi mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, sweta mbili, moja juu ya nyingine. Akamtazama Glenda, halafu akachungulia nyuma ya bega lake.

"Fundi yuko wapi, mwanangu?"

"Ndiye huyu, mama. Mwingine wangemleta, lakini alikuwa mzuri mno wa sura, wakaogopa utamzuia asirudi."

Bibi akacheka kicheko kifupi, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi na anajaribu kama bado kinafanya kazi. "Ingia basi, usiniingizie baridi ndani. Mimi Enid. Viatu vivue, zulia hilo Wilf alilitandika mwenyewe."

Glenda aliyazoea yale macho ya kuchungulia nyuma ya bega. Ufundi aliusomea akiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya mumewe kutorokea Uhispania na mwanamke aliyewauzia mazulia. Alimwachia sanduku la spana na jino bovu. Jino aliling'oa, spana akajifunza kuzitumia, na tangu hapo alikuwa akisema kwamba katika ndoa ile yeye ndiye aliyeondoka na mali.

Boila ilikuwa jikoni, ndani ya kabati juu ya sinki. Nyeupe, safi, wala si kuukuu. Chini yake kulikuwa na kipimo cha presha, duara dogo lenye mshale mweusi. Mshale ulikuwa umesimama kwenye moja na robo. Hapo ndipo panapotakiwa: maji ya boila huzunguka kwenye mabomba na redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto, nyumba nzima na kurudi, ni yale yale kila siku, na mshale ukikaa kati ya moja na moja na nusu, nyumba ina afya. Ukishuka kwenye sifuri, boila hujizima na mtu hulala na koti.

"Mbona iko vizuri, mama."

"Asubuhi huwa hivyo. Subiri jioni." Enid alikuwa akimimina chai, birika ameishika kwa viganja viwili kama mtoto anayebeba kuku. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama tangawizi. "Jioni huwa chini ya moja. Nikipanda kulala nauangalia, uko chini. Nikishuka asubuhi umepanda. Mimi siugusi. Hata kama ningetaka, mwanangu, chupa ya jamu tu hufunguliwa na jirani."

"Na wewe unasema ni nani?"

Enid alimtazama kana kwamba ameulizwa mvua hutoka wapi. "Wilf. Miaka kumi alikuwa akishuka saa kumi na moja alfajiri kuijaza. Namsikia. Bado namsikia. Mabomba yanagonga, mara mbili, kimya, halafu mara moja. Kisha nyumba inapata joto." Akasukuma sahani mbele. Keki ya zabibu kavu, na juu yake kipande cha jibini, maana huko ndivyo inavyoliwa, na anayecheka ana ruhusa ya kwenda kula kwao. "Siogopi. Usinitazame hivyo. Ningeogopa kama angeacha kuja."

Glenda alikula keki. Mabomba kugonga alikujua vizuri: chuma kikipata joto hutanuka, kikajikuna kwenye mbao. Ndivyo alivyotaka kusema. Lakini alimwona bibi yule alivyoinamisha sikio upande wa ngazi, akaimeza kauli hiyo.

Akaanza kazi. Kasoro ya presha hutafutwa kwa kuondoa washukiwa mmoja mmoja. Kwanza alitoka nje, kwenye kibomba kinachotokeza ukutani, pale boila inapotemea maji ikizidiwa. Akakifunga mfuko wa nailoni kwa mpira wa nywele. Kikitema, mfuko utasema. Akarudi ndani, akapima hewa kwenye tungi la boila, ikawa sawa. Akafunga koki mbili zilizo chini ya boila ili kuitenga na nyumba, akangoja nusu saa. Mshale haukutikisika. Boila haikuwa na kosa. Akazifungua tena koki, akapita chumba hadi chumba, akiinua soksi na taulo zilizoanikwa juu ya redieta, akipapasa kila kiungo kwa karatasi ya chooni. Kavu. Kavu. Kavu. Nje, mfuko ulikuwa mkavu pia, umejaa upepo tu.

Saa saba na nusu mchana. Mshale, moja na robo.

Glenda aliketi kwenye ngazi na karatasi yake ya kazi. Kalamu ilikuwa tayari. Boila nzima, redieta kavu, mshale palepale. Fundi mwaminifu angeandika nini? Aliandika "haku", akasita. Kutoka jikoni alimsikia Enid akizungumza kwa sauti ya chini, si naye.

Hapo ndipo aliposikia kitu kingine. Kilitoka chini ya makalio yake, ndani ya ngazi. Sauti nyembamba, kama mtu anayemnyamazisha mtoto: shhhh. Koki zote za sinki na bafu zilikuwa zimefungwa. Hakuna aliyefua, hakuna aliyeoga. Maji yalikuwa yakienda mahali.

"Mama Enid, chini ya ngazi kuna nini?"

"Stoo ya Wilf. Mimi siingii, mgongo haukubali."

Glenda aliingia kwa magoti, tochi mdomoni. Nyuma ya mikebe ya rangi na kiti cha kukunja alilikuta. Bomba fupi la mpira lililosukwa kwa nyuzi za chuma, limeunganisha bomba la maji ya mjini na bomba la boila. Hilo ndilo la kujazia. Sheria yake ni moja, na kila fundi anaijua: ukishajaza, unafunga koki na unalifungua bomba unaliweka kando. Hili lilikuwa limeachwa limeungwa, na kishikio cha koki hakikuwa kimefungwa. Kilikuwa kimeachia upenyo mdogo, unywele, maji yakipita kidogo kidogo mchana na usiku.

Na ubaoni, nyuma ya kishikio, kulikuwa na mistari ya penseli. Mistari midogo, imenyooka, kila mmoja unaonyesha mahali kishikio kilipokuwa, na pembeni yake tarehe kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kuchapwa. Wa kwanza wa miaka kumi nyuma. Kila baridi ikija, mstari umesogea kidogo. Wa mwisho ulikuwa wa tarehe mbili mwezi wa tatu, mwaka uliopita.

Glenda alitoa tochi mdomoni na pumzi kwa pamoja. Alikuwa ameelewa yote, na kwa sekunde chache alimstahi yule mzee kama anavyomstahi fundi mwenziwe.

Kwa sababu kama maji yanaingia bila kukoma na mshale hauzidi, basi maji hayo hayo yanatoka bila kukoma. Mahali fulani nyumba ilikuwa inavuja. Wilf alijua. Na badala ya kuufuata uvujaji, alifungulia maji ya kuingia yalingane na ya kutoka, tone kwa tone, miaka kumi, akisogeza kishikio kila tundu lilipokua. Usiku mji ukilala, maji ya mjini hupata nguvu, mshale ukapanda. Jioni watu wakifungua mabomba yao, ukashuka. Hapakuwa na wazimu wowote. Hapakuwa na mzimu wowote.

Alikuwa karibu kutoka na habari hiyo njema. Akaelekeza tochi mara ya pili, kuwa na hakika.

Kishikio hakikuwa kwenye mstari wa mwisho. Kilikuwa kimeupita. Kimeupita kwa upana wa kidole.

Tundu lilikuwa limeendelea kukua tangu Machi, na mtu alikuwa ameendelea kulifuata.

Glenda alijaribu kukisogeza. Kilikuwa kigumu, cha kutaka mkono wa mtu mzima na spana. Akakumbuka viganja viwili kwenye birika. Ubaridi ulimtambaa kisogoni, akajiambia ni upepo wa chini ya mlango, ingawa mlango ulikuwa mbali na kona mbili katikati.

"Umekuta kitu?" Enid alikuwa amesimama nje ya stoo. Alionekana soksi tu na pindo la sketi.

"Nimekikuta, mama."

"Basi kiache."

Glenda akatoka kinyumenyume, akaketi sakafuni hapo hapo, buibui nyweleni. Alimwambia yote, hakumficha, maana yeye mwenyewe alishafichwa sana na haikumsaidia. Alimwambia juu ya mpira, mistari, tarehe. Alimwambia kwamba maji ya miaka kumi yamekwenda chini ya sakafu. "Hiyo harufu ya uyoga sebuleni, mama, umeizoea tu. Mimi niliisikia mlangoni. Kiti chako kile cha karibu na moto kimesimama juu ya mbao zilizooza. Leo au mwezi ujao, kitakwenda chini na wewe ukiwa juu yake, na kikombe chako."

"Na ukifunga?"

"Nafunga, nainua mbao, nakata bomba lililooza, naweka jipya. Lorraine namwandikia kwamba kasoro ilikuwepo. Leeds watampa mtu mwingine chumba."

"Sikuulizi Leeds." Sauti ya bibi ilikuwa imenyooka. "Ukifunga, atakuja kufanya nini?"

Mabomba yakagonga juu yao, mara mbili. Kimya. Mara moja. Boila haikuwa imewaka tangu saa tano. Glenda alikuwa ameuzima moto wake kwa mkono wake mwenyewe.

"Unaona?" alisema Enid kwa upole. "Halafu mniite kichaa."

"Mimi sijakuita kichaa, mama. Ningeitwa mimi kwanza."

Kisha Enid akasema, kama aliyekumbuka jambo dogo, "Tarehe ya kwanza ni ipi?"

Glenda akamtajia. Ilikuwa Novemba, miaka kumi nyuma.

Uso wa bibi ulibadilika polepole. "Novemba hiyo nilimwambia Wilf, sakafu inalia, ita fundi. Akaniambia ni mbao zinakauka. Akaniambia, bomba hilo nililiunga mwenyewe kwa mkono wangu, haliwezi kuvuja." Alishika fremu ya mlango. "Mwezi huo huo ndio alianza kuniletea chai kitandani. Kila alfajiri. Miaka thelathini na nane hajawahi kunichemshia hata yai, nikadhani, Enid, uzee umemlainisha. Niliwaringia wanawake wote wa kanisani! Kumbe anashuka kuficha bomba lake!"

"Mama..."

"Kumi, mwanangu! Miaka kumi ya chai! Kwa sababu hakutaka kusema amekosea kiungo kimoja!"

Glenda aliuma mdomo asicheke, na hapo hapo alitaka kulia, na hajawahi kumwambia mtu ni kipi kilichokuwa mbele. Alimjua mwanamume wa aina hiyo. Mji ule umejaa hao. Atabeba nyumba nzima mgongoni, atakufa nayo, lakini hatasema nimekosea.

"Funga," alisema Enid. "Funga sasa hivi, kabla sijamhurumia."

Ilihitaji spana kubwa na uzito wa Glenda wote. Kishikio kilikataa, kikakataa, halafu kikageuka ghafla kama kilichoachiwa. Ile shhhh ikakatika. Akalifungua bomba la mpira, akaziba ncha zote mbili kwa vifuniko vya shaba, akalileta jikoni, akaliweka mezani mbele ya Enid kama nyoka aliyeuawa. Sasa hapakuwa na njia yoyote ya maji kuingia kwenye boila ile.

Wakakaa kuuangalia mshale.

Ulianza kushuka, kama ilivyopasa. Moja na robo. Moja na kidogo. Glenda alikuwa na saa mkononi. Kwa uvujaji wa namna ile, ungefika sifuri ndani ya dakika arobaini. Ulifika moja.

Ukasimama.

Dakika kumi. Ishirini. Glenda aligonga kioo kwa ukucha. Mshale ulitetemeka, ukarudi kwenye moja, ukatulia. Tundu la miaka kumi halijifungi lenyewe. Hakuna fundi duniani aliyeona hilo, na kama yupo, anasema uongo.

"Amezuia," alisema Enid.

Glenda aliinuka. Alichukua mtaimbo na tochi.

Wakasogeza kiti cha karibu na moto. Chini ya zulia, mbao zilikuwa nyeusi, na misumari ikatoka bila kelele, kama inayong'olewa kwenye jibini. Harufu iliyopanda ilikuwa ya kaburi lililo wazi, ila hilo Glenda hakulisema. Boriti ya chini ilikuwa imekuwa mkate uliolowa. Alipoibonyeza, kidole kilizama mpaka kiungo cha kwanza. Chini kabisa maji meusi yalikuwa yametuama, yakiwaka kwenye tochi.

Na juu ya maji hayo, bomba la shaba, na kiungo cha Wilf. Kilikuwa kimelika na kugeuka kijani, na ubavuni kulikuwa na ufa ambao ungepokea ukucha. Kwenye mdomo wa ufa huo kulikuwa na tone moja. Limejaa, limevimba, linang'aa. Halidondoki.

Glenda alilala kifudifudi, akaunyoosha mkono. Nyumba ilikuwa imepoa, pumzi yake ilionekana. Bomba lote lilikuwa baridi kama barafu. Kiungo kilikuwa na joto. Si joto la boila, hilo analijua hata usingizini. Lilikuwa joto la kiganja.

Aliurudisha mkono haraka. Akajitukana kidogo, akachukua kikata bomba, akakipeleka. Kiliteleza. Akakipeleka tena, akakibana, kikaruka, kikaanguka majini. Alivuta pumzi. Akachukua cha pili. Akakisogeza polepole kuelekea kiungo, na kitu, hakukiona, hakuna kitu cha kuona, kikamsukuma mkono kwa upole, kama unavyomsukuma mtu anayetaka kukusaidia kazi yako.

"Ananikatalia, mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo.

Enid alivua sweta ya juu, akaikunja, akaiweka sakafuni. Kisha, bibi wa miaka sabini na tisa, mgongo mbovu na vidole vya tangawizi, akashuka. Alishika mguu wa meza, akashika bega la Glenda, akashuka mpaka akalala kifudifudi ubavuni pake, kidevu ukingoni mwa shimo, vichwa viwili vya wanawake vikitazama chini kama wasichana wanaochungulia kisima.

"Wilfred Murgatroyd," akasema.

Nyumba ilinyamaza. Hata jokofu lilinyamaza.

"Nimeiona mistari yako. Nimeiona yote. Wewe mpumbavu wa mwisho. Kiungo kilivuja. Kimevuja, basi, viungo vyote huvuja siku moja, ungeniambia tungekula mayai mwezi mzima tukaita fundi. Nani angekucheka? Ndiyo, ningekucheka. Ningekucheka mpaka Krismasi. Halafu ningeacha." Alipumua. Mvuke ulishuka shimoni. "Sakafu yangu umeioza. Mtoto wako anataka kunipeleka Leeds kwa sababu yako. Leeds, Wilf!"

Bomba liligonga. Mara moja, dhaifu.

"Usinijibu. Umechoka, nasikia ulivyochoka. Umekishikilia tangu Machi, na kabla ya hapo miaka kumi. Huyu binti ni fundi, ana mikono mizuri kuliko yako, samahani lakini ni kweli." Akaunyoosha mkono wake uliopinda shimoni, haukufika, ukabaki unaning'inia hewani karibu na kiungo. "Sitaanguka. Nakuambia sitaanguka. Achia."

Tone lilitetemeka.

"Achia, mpenzi wangu."

Likadondoka.

Halafu jingine, halafu mtiririko, halafu ufa ukafunguka wote na maji yakamwagika, meusi, yenye harufu ya chuma, mengi kwa kelele. Kutoka jikoni walisikia boila ikilia mlio wake wa kukosa presha. Glenda alipeleka mkono kwenye kiungo. Kilikuwa baridi.

Enid alibaki amelala pale pale. Glenda hakumwinua. Alifanya kazi huku bibi yuko ubavuni, uso juu ya sweta: akamwaga maji yaliyobaki kwenye ndoo, akakata bomba mahali pawili, na kikata bomba kilishika mara ya kwanza, akang'arisha ncha, akalehemu kipande kipya. Moto wa buluu ulimulika boriti zilizooza. Za kubadilisha zilikuwa nne, kazi ya seremala, kesho. Kwa sasa alitandika ubao mnene juu na kiti akakipeleka upande wa pili wa chumba, penye sakafu ya mawe.

Alirudisha bomba la mpira, akaijaza boila, mshale ukapanda hadi moja na robo, akalitoa tena. Wakangoja saa nzima. Giza la saa kumi na moja jioni liliingia kwenye madirisha. Boila iliwaka, redieta zikaanza kuwa za moto moja baada ya nyingine. Mabomba hayakugonga.

Simu ya Glenda ikalia. Lorraine.

"Umekuta nini?"

"Nimekuta kiungo kimepasuka chini ya sebule. Kinavuja tangu miaka kumi iliyopita, kuna bomba la kujazia lilikuwa limeachwa wazi, ndiyo maana mshale ulikuwa unapanda wenyewe. Mama yako aliyoyaona ni ya kweli yote. Nakuandikia."

"Yote?"

Glenda alimtazama Enid, aliyekuwa ameketi kitini amenyooka kama yuko kanisani, akisikiliza nyumba kwa makini, chumba hadi chumba, na kila chumba kikimpa jibu lile lile.

"Mshale ulipanda, dada. Hilo ndilo alilosema. Leeds waambie asante."

Akakata. Akakusanya spana. Alipomaliza kuvaa viatu alisimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, na hakuondoka. Nyumba ilikuwa na joto sasa, joto zuri, la kawaida, lisilo na mtu ndani yake.

"Nikae kidogo, mama? Sina haraka. Nyumbani ananingoja paka tu, naye hunidharau."

Enid alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa makavu, na mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka kugombana.

"Nenda, mwanangu. Funga mlango vizuri." Akaivuta magotini ile sweta yenye matope, akaishikilia. "Sijamaliza kumnunia. Nikimaliza, nitalia, na kwa hilo sihitaji fundi."